Anayekata Amjue Anayeunga

Upasuaji wa matundu madogo, ambao miaka thelathini iliyopita ulisikika kwa Watanzania wengi kama habari ya nchi za mbali, leo unafanyika katika hospitali zetu kubwa, na kila mwaka unapiga hatua kuelekea mikoani. Hili ni jambo la kheri. Mkulima wa Ludewa au wa Mbozi anayeondolewa mfuko wa nyongo kwa njia hii hutobolewa matundu matatu au manne tumboni badala ya kupasuliwa jeraha refu. Aghalabu hurudi kwake baada ya siku moja au mbili, na haupiti muda mrefu kabla hajashika tena shughuli zake. Kwa mtu ambaye chakula cha mwaka mzima hutegemea wiki chache za palizi, jambo hilo si anasa hata kidogo.

Lakini kila chombo kipya huja na ajali yake. Leo tunakusudia kuzungumza juu ya ajali moja ambayo ni nadra, lakini ikitokea huweza kumharibia mtu maisha yake yote. Nayo ni kukatwa, kuungua au kufungwa kwa mrija mkuu wa nyongo wakati daktari anapouondoa mfuko wake. Tunalizungumza jambo hili kwa kuzitazama Mbeya na Iringa, maana katika Nyanda za Juu Kusini swali lake linaonekana wazi kuliko mahali pengi: mtu akijeruhiwa hivyo, nani atamtengeneza, wapi, na kwa gharama ya nani?

Kila aliyewahi kumchuna mbuzi anaijua nyongo. Mchinjaji mwenye uzoefu hukitenga kile kijifuko cha kijani kwa uangalifu mkubwa, kwani kikipasuka nyama yote inaonja uchungu. Ndiyo maana Waswahili husema mambo yametumbukia nyongo pale shughuli inapoharibika. Katika mwili wa binadamu ini hutengeneza nyongo kiasi cha nusu lita mpaka lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mrija mkuu hadi kwenye utumbo, ikasaidie kuyeyusha mafuta ya chakula. Mfuko wa nyongo ni ghala dogo la pembeni, lililounganishwa na mrija mkuu kwa kijirija chembamba. Mawe yakijaa katika ghala hilo na kuleta maumivu, daktari huliondoa, na mtu huishi vizuri bila ya ghala. Bila ya mrija mkuu, hawezi kuishi.

Mawe hayo si maradhi ya matajiri peke yao, kama wengine wanavyodhani. Yanawapata akina mama zaidi kuliko wanaume, na yanawapata pia watu wenye selimundu, kwa kuwa chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi na mabaki yake hugeuka mawe ndani ya nyongo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa selimundu duniani, na makadirio yanayotumika nchini ni kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka. Fauka ya hayo, mashine za ultrasaundi zimeenea hata wilayani, na mawe ambayo zamani yaliitwa vidonda vya tumbo sasa yanaonekana yalivyo. Basi hapana shaka kwamba idadi ya watu watakaohitaji upasuaji huu itaongezeka.

Sasa tuitazame ajali yenyewe. Kijirija cha mfuko na mrija mkuu hukaribiana sana, na penye uvimbe na makovu ya maradhi ya siku nyingi hushikamana hata vikaonekana kitu kimoja. Daktari huutazama mrija mkuu akaudhani ni kile kijirija, akaubana, akaukata. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa San Francisco, Marekani, walitangaza uchunguzi wa ajali 252 za namna hii. Waligundua kwamba katika ajali 97 kwa kila mia, chanzo kilikuwa jicho kudanganyika. Upungufu wa ufundi wa mikono ulikuwa chanzo katika ajali tatu tu kwa kila mia. Mkono ulitenda sawasawa kile jicho lilichoamini, na jicho lenyewe lilikuwa limekosea.

Habari hii ni nzito kwa kila mwenye dhamana ya kuongoza hospitali. Kosa la mkono mtendaji hulihisi papo hapo. Aliyedanganywa na jicho huendelea na kazi kwa utulivu, akiamini amefanya vizuri, akafunga matundu, akamwambia mgonjwa kwamba mambo yamekwenda salama. Siku mbili au tatu baadaye mgonjwa huyo ana homa, tumbo limejaa, hali chakula, au macho yameanza kugeuka manjano. Aghalabu mgonjwa wa matundu madogo huwa anazidi kupata nafuu kila siku. Yule ambaye siku ya tatu hali yake inazidi kuwa mbaya, huyo amekwisha kutoa taarifa, na kumpa vidonge vya maumivu na kumruhusu kurudi nyumbani ni kuikataa taarifa yenyewe.

Upasuaji wa mfuko wa nyongo si jambo la juzi. Carl Langenbuch aliufanya Berlin mwaka 1882, na Erich Mühe, Mjerumani mwingine, aliufanya kwa matundu madogo mwaka 1985 katika mji wa Böblingen, wakati ambapo wenzake wengi walimbeza. Kwa njia ya zamani ya jeraha refu, mrija mkuu ulijeruhiwa kwa mgonjwa mmoja au wawili katika kila elfu moja. Njia mpya ilipoenea, hesabu za nchi nyingi zilionyesha watatu, wanne au watano katika kila elfu. Pale ambapo madaktari wamezoea kazi na kufuata kanuni kwa ukali, hesabu hiyo imeteremka tena.

Idadi hiyo ni ndogo, na katika udogo wake ndimo mlimo na hatari ya kisiasa. Jambo linalotokea mara tatu katika elfu ni rahisi kulisahau katika bajeti. Tena, kama kila hospitali ya mkoa itafanya upasuaji huu mara mia kwa mwaka, daktari wake anaweza kukaa miaka kadhaa bila ya kuiona ajali hiyo hata mara moja. Siku itakapomfika, itamfika akiwa mgeni nayo kabisa.

Na mgeni akijaribu kuitengeneza, mambo hutumbukia nyongo mara ya pili. Mwaka 1995 Way, safari hiyo akiwa na Lygia Stewart, alilinganisha matengenezo yaliyofanywa na daktari yule yule aliyejeruhi na yale yaliyofanywa na mabingwa waliozoea kazi ya mirija ya nyongo. Matengenezo ya daktari wa kwanza yalifaulu mara 17 katika kila mia. Ya mabingwa yalifaulu mara 94 katika kila mia. Hesabu hizi ni za Marekani, mahali ambapo hakuna upungufu wa uzi wala taa. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni uzoefu, na uzoefu haununuliwi kwa zabuni.

Wenye kumbukumbu ya siasa za dunia wanaujua mfano mmoja mkubwa wa jambo hili, ingawa yumkini hawakuuhusisha na nyongo. Mwezi wa Aprili 1953 Anthony Eden, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, aliondolewa mfuko wa nyongo mjini London, na mrija wake ukajeruhiwa. Alipasuliwa tena mjini humo humo, asipone. Hatimaye, mwezi wa Juni, alipelekwa Boston, Marekani, akatengenezwa na Richard Cattell, bingwa wa mirija hiyo. Miaka mitatu baadaye, akiwa Waziri Mkuu, huyo ndiye aliyeivamia Misri pamoja na Ufaransa na Israeli baada ya Gamal Abdel Nasser kuutaifisha Mfereji wa Suez. Wazee wetu Visiwani walizifuata habari hizo kwa masikio yao wenyewe katika matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo. Katikati ya mgogoro ule Eden alishikwa tena na homa kali ya mirija yake mibovu, na Januari 1957 alijiuzulu kwa sababu ya afya.

Hatusemi kwamba nyongo ndiyo iliyoleta vita vya Suez. Ubeberu una mizizi yake. Tunasema kwamba London, pamoja na hospitali zake zote, ilibidi ikiri kuwa mikono inayofaa ilikuwa ng'ambo ya bahari. Ikiwa dola kubwa ililazimika kumpa rufaa waziri wake, kwa nini daktari wa mkoa aone haya kumpa rufaa mkulima?

Tuje kwenye matengenezo yenyewe, maana ndipo penye matumaini mapya. Si kila jeraha la mrija linahitaji kisu tena. Pale ambapo kijirija kilichokatwa kinavuja, au mrija mkuu una tundu dogo, daktari huingiza kwa njia ya mdomo mpira mwembamba wenye taa na kamera, akaufikisha utumboni panapoishia mrija wa nyongo, kisha akauwekea kijimrija cha plastiki kiitwacho stenti. Nyongo ikipata njia yake ya asili huacha kupitia tunduni, na tundu hujifunga baada ya wiki kadhaa. Pale ambapo nyongo imejaa tumboni, sindano ikiongozwa na ultrasaundi huweza kupitisha mpira wa kuitoa nje bila ya kulipasua tumbo.

Pale ambapo mrija umekatwa kabisa, kazi ni kubwa. Hapo kipande cha utumbo mwembamba hupandishwa hadi chini ya ini na kushonewa kwenye sehemu ya mrija iliyo nzima, ili nyongo ishuke moja kwa moja utumboni. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa jeraha refu tu. Leo mabingwa wa nchi kadhaa wanaifanya kwa matundu madogo, na wengine kwa mikono ya roboti. Wala si nchi tajiri peke yake. Hospitali ya umma ya Gea González, katika Jiji la Mexico, imetangaza matokeo mema ya kazi hiyo kwa njia zote mbili. Faida yake ni maumivu machache, vidonda visivyooza, na siku chache za kulala wodini, na hizo ni faida kubwa kwa mtu aliyekwisha kuumizwa mara moja.

Hata hivyo tusidanganyike. Wanaofaulu kuunga mrija kwa matundu madogo ni wale waliokwisha kuumudu kwa jeraha refu, wenye picha nzuri za mirija kabla ya kuanza, na wenye mgonjwa ambaye usaha umekwisha kutolewa, homa imeshuka, na mwili umepata nguvu. Mara nyingi, kama jeraha halikutengenezwa mapema na bingwa, mgonjwa hungojeshwa wiki sita au zaidi. Matundu madogo ni daraja la mwisho la ngazi. Daraja la kwanza, linalookoa roho usiku ule wa kwanza, ni mpira wa kutolea nyongo, dawa ya kuua vijidudu, na simu.

Sasa tuitazame ngazi yenyewe katika Nyanda za Juu Kusini. Mikoa miwili ya zamani ya Mbeya na Iringa leo ni minne, baada ya Njombe kuzaliwa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya inaihudumia mikoa hiyo minne pamoja na Rukwa, Katavi na Ruvuma. Iringa ina Hospitali yake ya Rufaa ya Mkoa, na nje ya mji kuna Tosamaganga. Makete kuna Ikonda, na Wanging'ombe kuna Ilembula, hospitali za mashirika ya dini ambazo kwa miaka mingi zimepokea wagonjwa wanaovuka milima kuzifuata. Mbeya kuna pia Chuo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha madaktari pale pale penye wagonjwa. Kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na vita dhidi ya UVIKO-19, mwaka 2021, Serikali ilinunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Msingi, basi, upo.

Lakini ngazi ni zaidi ya majengo. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, na gari lazima literemke Kitonga. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa wa Ludewa au Makete ana safari nyingine ya milima kabla hajaifikia barabara kuu, na masika njia huwa utelezi mtupu. Akifika mjini, yeye na ndugu yake anayemhudumia wanahitaji mahali pa kulala na chakula. Huyu ni mtu aliyeingia hospitali kwa miguu yake, akaahidiwa kurudi nyumbani baada ya siku mbili. Haki haikubali kwamba auze ng'ombe au gunia la viazi la mbegu ili alipie nauli ya kwenda kutengenezwa jeraha alilolipata mezani kwetu.

Wasomaji wa Visiwani wanaweza kuuliza: ya Mbeya na Iringa yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, na si kwa sababu tu ya mchele wa Kyela na mbao za Mufindi zinazofika bandarini kwetu. Afya si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake, lakini mgonjwa wa Micheweni anayevuka bahari kwenda Mnazi Mmoja, na pengine Muhimbili, hana tofauti na mgonjwa wa Ludewa anayevuka milima. Sisi nasi tumejenga. Hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya, Lumumba ilifunguliwa mwaka 2023, na wilaya zimepata hospitali zao. Kila jengo jipya litatamani chumba cha upasuaji wa matundu madogo. Hilo ni tamanio jema, na swali ni lile lile: anayekata anamjua anayeunga?

Tena Visiwani tuna uzoefu mrefu wa madaktari wageni. Timu za jimbo la Jiangsu, China, zimekuwa zikija Zanzibar tangu mwaka 1964, na zile za Shandong zimekwenda Bara tangu mwaka 1968. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilijifunza upasuaji wa matundu madogo katika muongo wa kwanza wa karne hii kwa ushirikiano wa miaka mingi na madaktari wa Northumbria, kaskazini mwa Uingereza. Somo la ushirikiano wa namna hiyo ni kwamba elimu hubaki pale tu mgeni anapokaa au kurudi mara kwa mara, na mwenyeji akapewa mkasi mkononi. Kinyume chake ni kambi ya wiki moja. Bingwa huja, huwaondolea watu mifuko ya nyongo kwa sifa kubwa, kisha huondoka. Jeraha la mrija huweza kujitokeza baada ya siku kumi, na mrija uliosinyaa kwa kovu huweza kuonekana baada ya miezi au hata miaka. Wakati huo bingwa yuko mbali, na mgonjwa yuko kwa daktari ambaye hakuwapo siku ya kukata.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo bado akina mama wanapoteza maisha katika uzazi haina nafasi ya kushughulikia mirija ya nyongo. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini hapa hatuombi maradhi mapya yapewe fedha za maradhi mengine. Ajali hii tunaileta sisi wenyewe kwa huduma tunayoitangaza wenyewe. Anayeleta gari ni lazima alete na breki. Kama hatuna uwezo wa kugharimia matengenezo, basi hatujapata bado uwezo wa kugharimia upasuaji, hata kama mashine imekwisha kufika na utepe umekwisha kukatwa.

Wengine watasema dawa ni kurudi kwenye jeraha refu. Nao hawakusibu. Eden alijeruhiwa kwa njia hiyo hiyo ya zamani, miaka zaidi ya thelathini kabla ya matundu madogo kuzaliwa. Kinachomkinga mgonjwa ni nidhamu ya kuona kabla ya kukata. Mwaka 1995 Steven Strasberg wa St. Louis, Marekani, na wenzake walitoa kanuni ambayo leo inafundishwa ulimwenguni kote. Daktari asikate kitu mpaka ayaone mambo matatu: kwamba mafuta na nyama laini za pembe ile zimesafishwa, kwamba sehemu ya chini ya mfuko imebanduliwa kutoka kwenye ini, na kwamba vitu viwili tu, wala si vitatu, ndivyo vinavyoingia katika mfuko. Asipoyaona, aache. Anaweza kumwita mwenzake, au kupasua jeraha refu, au kukata sehemu ya mfuko tu na kuacha ile iliyoshikamana na hatari. Kuacha kwa wakati wake ni ushujaa, na hospitali impe sifa daktari aliyeacha kama inavyompa aliyemaliza.

Kwa hiyo tunaona kwamba wenye dhamana hawana budi kuyatazama mambo matano.

Kwanza, hospitali isiruhusiwe kuanza upasuaji wa nyongo kwa matundu madogo mpaka iwe imeandika, kwa jina la hospitali na nambari ya simu, mahali itakapompeleka mgonjwa mrija ukijeruhiwa. Kanuni hiyo iwahusu pia mabingwa wa kambi.

Pili, picha ya yale mambo matatu ipigwe na kuwekwa katika faili la kila mgonjwa. Kamera imo tayari ndani ya tumbo. Kuihifadhi picha yake ni gharama ndogo mno.

Tatu, kwa Nyanda za Juu Kusini kazi ya kuunga ikusanywe mahali pamoja, na mahali panapostahili ni Mbeya. Wakusanywe pale mpasuaji, mtaalamu wa kamera ya mdomoni, msomaji wa picha, mtoa nusukaputi na wauguzi wao, wapelekwe kufunzwa pamoja na warudi pamoja, na stenti zisikosekane ghalani. Iringa, Njombe, Songwe na wengine wafundishwe kazi yao iliyo muhimu sawasawa na hiyo: kutambua mapema, kutoa nyongo nje kwa mpira, kuzuia vijidudu, na kumsafirisha mgonjwa akiwa na picha na maelezo ya kweli. Jeraha likizidi uwezo wa Mbeya, rufaa iende mbele bila ya aibu.

Nne, gharama ya matengenezo na ya safari isiangukie jamaa ya mgonjwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar nayo ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya mwaka huo huo. Wanaopanga mafao ya mifuko hiyo waandike waziwazi kwamba madhara ya upasuaji ni sehemu ya upasuaji uliokwisha kulipiwa.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, ajali hizi zihesabiwe hadharani. Hapa Iringa yenyewe ina la kutufundisha. Katika miaka ya 1980 mpango wa lishe uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF ulianza mkoani humo katika vijiji 168. Wanakijiji waliwapima watoto wao kwa mizani, wakazisoma hesabu mbele ya baraza la kijiji, wakatafuta sababu, wakatenda, kisha wakapima tena. Kijiji chenye watoto wengi dhaifu hakikufichwa wala hakikutukanwa, kilisaidiwa. Utapiamlo mkali ulipungua, na wageni wa mataifa walikuja kujifunza. Kama wakulima wasio na shahada waliweza kuzitazama hesabu chungu za watoto wao wenyewe, madaktari na makatibu wakuu watashindwaje kuzitazama hesabu za mirija ya nyongo?

Daktari anayesema mapema, “Nimejeruhi, nisaidieni,” asiitwe mbele ya kamati ya nidhamu kwa neno hilo. Anayepaswa kuitwa ni yule anayeficha, anayechelewesha rufaa, au anayejaribu tena na tena mpaka mrija mzima unakwisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuliwa na kifo ni mgonjwa kwa siri ya mtu mwingine. Naye mgonjwa aambiwe ukweli kwa lugha anayoielewa. Mwili wake ni amana aliyotukabidhi, na mwenye amana ana haki ya kujua ikiwa imepata dosari. Siri ikijulikana kijijini, watu hawataikimbia mashine ya matundu madogo peke yake. Wataikimbia hospitali nzima, na wa kwanza kufaidika atakuwa mganga wa kienyeji asiye na kamera wala rufaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu bado ni mdogo, kwa sababu upasuaji wenyewe bado haujaenea katika kila mkoa na kila kisiwa. Huu ndio wakati wa kuandika kanuni na kuipa Mbeya timu yake, kabla mashine hazijawa nyingi na majeruhi hawajawa wengi. Wizara mbili za afya, ya Bara na ya Zanzibar, zina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo. Bajeti ijayo iseme ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa ajili ya wanaounga, kando ya fedha za wanaokata, na wawakilishi wetu Bungeni na katika Baraza la Wawakilishi wakiulize kiasi hicho kwa tarakimu.